Kwa Msoma Mawe Wetu, Aliyekataa Kubuni

Mwaka umetimia, mpendwa wetu, tangu utuachie kiti chako cha dirishani, na mpaka leo kila mtu anakizunguka, hakuna anayekikalia.

Ulikuwa mtu wa kuulizauliza. Wenzako walisoma magazeti. Wewe ulisoma mawe ya Walidi, watu waliokufa zamani hizo na lugha yao ikafa nao. Ulilaza karatasi nene iliyolowa juu ya jiwe, ukaigongagonga kwa brashi mpaka ikashika alama za herufi, ikikauka unakuja nayo nyumbani. Hapo unaimulika kwa tochi ubavuni, kimya, kama unayesikiliza mtu wa chumba cha pili.

Herufi ya mashaka uliiwekea nukta chini. Iliyovunjika uliiachia nafasi. Mjomba wako akakutania, "Si ubuni tu, wakili wa wafu! Nani atakuja kukushtaki?"

"Mwandishi mwenyewe, mjomba. Aliandika alichotaka yeye, si nikitakacho mimi."

Na ile siku ya pasi? Bibi yako aliikuta karatasi imejaa makunyanzi, akakuonea huruma, akaipiga pasi ikanyooka kama shuka la mgeni. Kipande cha neno ulichokihangaikia mwezi mzima kikafutika. Uliporudi ulikaa chini, ukacheka mpaka machozi. "Bibi! Jiwe limestahimili matetemeko, limekuja kushindwa na pasi yako!" Kesho yake ukafunga safari ya siku mbili kulirudia jiwe. Hukunung'unika. Yeye ndiye hajajisamehe.

Neno lenyewe hukulimaliza. Daftarini kuna herufi tatu, nukta moja na nafasi. Mwenzako wa kazini alituomba alijaze, lichapwe kwa heshima yako. Bibi akamwambia, "Lichape alivyoliacha, mwanangu. Hata hiyo nafasi ni kazi ya mkono wake."

Kwa mchonga jiwe la kaburi lako alikwenda mwenyewe.

"Zamisha zaidi, fundi."

"Bibi, herufi hizi zitasomeka miaka hamsini."

"Mimi nataka elfu mbili na mia tano, kama yale mawe yake. Zamisha mpaka pasi isifike."

Amezamisha. Huenda siku moja mgeni akalaza karatasi juu ya jina lako. Akikosa herufi, aweke nukta, aendelee kuuliza.

Unakumbukwa na bibi yako, mama yako, mjomba wako mtani, kaka yako fundi umeme, na mdogo wako aliyerithi tochi.

Kwetu hutafutika kamwe.