Mujomba Amepatikana Kalemie

Mama Furaha, muke wangu,

Upepo wa ziwa hapa unaniamusha kwa upole kuliko wewe. Jana tulikuwa tayari kupasua tumbo la kijana mumoja mugonjwa kutoka Pepa, kule milimani, dokta wa hapa na kisu chake, mimi na dawa yangu ya usingizi. Mama ya mugonjwa akakataa: bila ruhusa ya mujomba, hapana; kwao mutoto ni wa ukoo wa mama, na ndugu ya mama ndiye anaamua. Mujomba mwenyewe alibaki kule na ng'ombe, na tumbo halingoji. Dokta akanigeukia: «Citoyen, ndugu raia, mama yako ni wa ukoo gani?» Nikautaja, kumbe ni ukoo wa huyu mama pia. «Basi njo huyu mujomba, ni yeye mwenyewe!» Nikatoa ruhusa, mama akakubali, tukapasua.

Leo kijana ameamuka, anasema atakuja kukaa kwa mujomba wake, kwetu Lubumbashi. Ulikuwa unamuomba Mungu mutoto mwanaume: tandika kitanda, huyu ana ndevu tayari.

Akupendaye hata ukinuna,
Papa Furaha