Sijawahi Kukuona Ukila

6 Machi

Mwanangu Chiriku,

Pokea salamu za wazee wako, ambao bado wanapumua ingawa baridi ya huku inang'ata mpaka kwenye kope. U mzima? Kuku wangu wazima? Na mkwe wetu, barabarani huko anaendeleaje?

Naandika barua kama mtu wa zamani kwa sababu simu yangu niliitumbukiza kwenye ndoo ya kufulia siku ya pili tu tulipofika, na ya baba yako aliiacha nyumbani kwa kuwa haoni namba. Muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri ndiye anayenipelekea posta.

Daktari amempima baba yako macho. Jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia watalipasua. Linaweza kupona, linaweza kumfuata mwenzake. Tulipotoka nje baba yako akaniuliza, "Wamekataza chakula chochote?" Nikamwambia hawakukataza. Akasema, "Haya, basi," akashika bega langu tukaenda.

Ahsante kwa kutulindia nyumba. Lakini wewe ukikaa kwetu, mumeo akirudi safari anapikiwa na nani?

Mama yako


14 Machi

Shikamoo mama. Mpe baba shikamoo yake na pole nyingi za macho.

Mimi mzima. Kuku wazima, isipokuwa jogoo, anagombana na jogoo wa jirani kutwa nzima wala hakuna anayeshinda. Cherehani yangu nimeileta hapa, nimeiweka barazani penye mwanga. Wateja wameshapajua.

Mkwe wenu mzima, yuko safarini.

Binti yako


21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Nimepata barua yako, fupi kama mkia wa mbuzi. Tangu lini wewe ukaishiwa maneno? Hujambo kweli, au hujambo ya mdomoni? Sisi hatujambo. Upasuaji walikuwa wameusogeza mbele. Sasa ni kesho asubuhi. Umuombee baba yako.

Nikusimulie ya jana, ucheke kidogo. Jioni baba yako aliniambia, "Vaa lile gauni la kijani, tunatoka." Nikajua ni daktari mwingine. Kumbe alikuwa amemuuliza muuguzi pa kula, akaelekezwa mkahawa wa vyakula vya Mediterania, nyuma ya hospitali. Nikamshika mkono kwenye ngazi, tukaingia. Meza yenyewe ndogo kama kigoda, viti viwili, vinatazamana.

Mwanangu, nilitafuta mlango wa kutokea. Wewe unajua kwetu: namnawisha baba yako, nampakulia, halafu mimi nakula jikoni nanyi watoto. Ndivyo tangu nilipoolewa. Leo nimeketishwa mbele ya yule mzee kama mshtakiwa mbele ya hakimu.

Mhudumu akaleta mkate na mafuta ya zeituni kwenye kisahani. Baba yako akayanusa, akauliza kama ni ya kupaka magoti. Mimi nikachukua tunda la zeituni nikaling'ata lote pamoja na kokwa, jino likalia *ka!* Kisha akaja pweza wa kuchoma, amelala juu ya nyanya, na jibini jeupe lenye chumvi.

Nikawa nakula nimeinama. Kuinua macho, baba yako hajagusa chake. Ameusogeza uso karibu kabisa, ananikazia lile jicho lake moja.

"Mzee, kula, kinapoa."

"Kula wewe. Mimi sijawahi kukuona ukila."

"Acha utani."

"Nimekuona ukipika, nimekuona ukilia, nimekuona umelala. Ukila, hapana. Na keshokutwa sijui wataniachia nini. Kula, nikuone."

Machozi yakanitoka, mhudumu akaja mbio akidhani pweza ameharibika. Ikabidi nimuoneshe kwa mikono kwamba pweza hana kosa.

Halafu baba yako akaniuliza, "Hivi wewe unapenda chakula gani?" Ninajua anachopenda yeye, unachopenda wewe, hata jogoo najua anachopenda. Nikasema, "Chochote." Akasema, "Chochote si chakula." Nikafikiri weee, mwisho nikamwambia, "Hiki. Huyu pweza." Akanisukumia sahani yake yote. Nikala, mwanangu, mafuta mpaka kidevuni, na yeye anatazama tu na kucheka kama kijana.

Mama yako


2 Aprili

Shikamoo mama.

Nawaza habari za jicho mpaka sindano inanichoma vidole. Niambie haraka. Huku kwema.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikalia. Mara ya pili nikakasirika, na bado nina hasira. Nisamehe, lakini kilichoniuma ni hiyo "chochote" yako. Umengoja uzee wote huo ndipo mtu akuulize unapenda nini. Mimi siwezi kungoja hivyo.

Mama, sikuja hapa kulinda kuku. Nimeondoka kwa mume wangu. Hanipigi, hanitukani, ndiyo maana sikujua nikuambie nini. Kabla hamjasafiri nilikuwa na mimba, sikutaka kuitangaza mapema. Ikatoka. Niliporudi kutoka hospitali nikamkuta amekaa sebuleni, nikamwambia. Aliniangalia, akauliza kama kuna chai.

Nikamchemshia, mama. Nikamchemshia kabisa. Alipoinuka kuweka kikombe bila hata kunipa pole, ndipo nikajua siwezi tena.

Usiniambie nivumilie. Ukiniambia hivyo nitakutii, nami sitaki kukutii.

Binti yako


16 Aprili

Mwanangu Chiriku, mwanangu,

Pole. Pole sana. Ningekuwa na mabawa ningekuwa hapo.

Barua yako ilifika baba yako akiwa bado amefungwa bandeji, akaniomba nimsomee. Nikasoma habari ya jogoo niliyoitunga mwenyewe, nikaruka yaliyobaki. Akasema, "Umeruka. Sauti yako imekatika kama uzi. Soma." Nikasoma yote mpaka mwisho. Chakula kikaletwa, kikaondolewa hakijaguswa. Kisha akasema, "Andika," nami nakuandikia kama alivyosema:

"Chiriku, ni mimi baba yako. Sikujua kwamba mjukuu wangu alikuja akaondoka. Pole, mama. Chumba ni chako, na hakuna atakayekuuliza unarudi lini. Mumeo akija, aje mimi nikiwepo, na aanze kwa kukupa pole. Kama pole haijui, chai akanywe kwa mama yake."

Ni hayo. Na mimi nilikuwa nimeshaanza barua ya kukuambia ndoa ni kuvumiliana, ukurasa mzima. Nimeichana.

Juzi walimfungua bandeji. Kwanza akaona mwanga, baadaye vidole vya daktari, baadaye mimi. Akasema, "Umekonda." Muuguzi akapiga makofi. Haoni mbali, lakini daktari anasema hapo alipofika hatarudi nyuma.

Wanaturuhusu wiki hii. Usijibu barua hii, jibu litapishana nasi njiani. Yaliyobaki utatuambia kwa mdomo wako mwenyewe, kwa kirefu chako kile cha zamani, nasi tutakaa mpaka uyamalize.

Mama yako