Mapipa ya Mama Driciru

Arua

Kwa mdogo wangu Felista,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Naamini mguu wako umepona na wote hapo Kigoma hamjambo. Mimi nina afya. Habari niliyokuwa nikiikwepa ni ya mwanao Deo.

Ulimleta kwangu aache pombe. Akapata kazi ya kupakia malori Koboko, akazidi kunywa. Mwezi uliopita aliletwa akitetemeka mwili mzima. Hospitali ilimtibu, kisha muuguzi akatuelekeza Manibe, nje ya mji, kwenye kikundi cha watu walioacha pombe. Kiongozi wao ni Mama Driciru. Nilipouliza, niliambiwa kwamba alikuwa mpishi mashuhuri wa waragi, gongo ya huku. Nani humpeleka mlevi kwa mpika gongo?

Nilikwenda na Deo bila kutoa taarifa. Mapipa yake yaleyale ya kupikia waragi yalikuwa motoni, na watu wameketi wakimenya mihogo. Nikachota kwa kata, nikanusa, nikaonja. Uji wa mtama! Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama, pimia mzee glasi!" mmoja akapaza sauti. "Iko na kiu!"

Mama Driciru hakucheka. "Mzee, hawa yote mimi nilikuwa nauzia. Sasa iko nakula kwangu. Kama hapana amini, kuja kila siku, onja."

Jibu hilo halikunituliza. Hawatozi ada, na mtu asiyetaka chochote hunitia shaka. Tena wana desturi yao: anayeingia huhamia pale, na ndugu yake wa damu husimama mbele ya wote kueleza mabaya aliyotendewa na mlevi huyo, naye husikiliza bila kujibu. Yaani niwasimulie wageni jinsi Deo alivyouza cherehani yako! Nilikataa palepale.

Tukiwa njiani kurudi, Deo alisema, "Mjomba, nikirudi Koboko nitakufa. Wale wa Manibe wanaitazama mikono yangu ikitetemeka, hawageuzi uso."

Mimi nilikuwa nikitazama barabara.

Cherehani ni yako na aibu ni yako, kwa hiyo sitatamka neno pale bila idhini yako. Nijibu upesi. Mpaka sasa simwamini yule mama.

Nisalimie shemeji, mumeo, na shangazi yetu anayelea wajukuu. Tukishaamua, nitakuandikia bila kuchelewa.

Kaka yako,
Mwalimu Sostenes