Makala Iliyofutwa

Perth, mwishoni mwa Februari

Dada yangu Pelden,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, shemeji na watoto. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Phobjikha? Sisi tu wazima. Mke wangu Dechen bado anahudumia wazee, na jana alipika pilipili na jibini, tukala huku machozi yanatutoka kama tuko jikoni kwako.

Barua hii anakuletea Kinzang, mwenzetu wa hapa anayerudi nyumbani. Simu nimepiga mara nyingi, lakini kila mara ulianza kunieleza majirani wanavyonisifu, nikashindwa kusema.

Maktabani hapa yuko mama mmoja, Lorraine, anayetusaidia wanafunzi wa kigeni kutafuta makala za utafiti. Mwanzoni nilikuwa naandika swali zima kwenye kompyuta, zinakuja makala tele zisizonihusu. Akanicheka kwamba namtafuta mtu mmoja kwa kupiga kelele sokoni. Akanifundisha kuchagua maneno machache, kisha kuifuatilia kila makala nijue watafiti wengine wamesema nini juu yake.

Mwezi uliopita tuliifuatilia hivyo makala ya msimamizi wangu, Dakta Holloway, ile ya kuloweka mbegu za viazi kwenye maji ya pakanga, ule mmea mchungu, ili zisishikwe na ukungu. Utafiti wangu wote umesimama juu yake. Lorraine akanigeuzia kioo cha kompyuta. Jarida limeifuta, kwa kuwa vipimo vyake havikuthibitika.

"Pole sana, Tshewang," aliniambia. "Afadhali umeliona hapa kuliko kulisikia mbele ya watahini."

Nikaenda kwa Dakta. Hakukasirika, dada, na hilo ndilo lililonitisha. Alinimiminia chai, akasema wahariri hawakosi maneno.

"Wewe maliza tu. Ukianza upya, ufadhili utakatika njiani, na viza itafuata. Na mkeo katika hali ile?"

Alijua Dechen ni mjamzito.

Tangu hapo nakaa mbele ya kompyuta, siandiki sentensi inayofuata wala sifuti iliyotangulia. Nikisema, tunaondoka nchini. Nikinyamaza, nitaitwa Dakta kwa uongo. Dechen ananiuliza mbona silali, namwambia ni joto.

Sasa neno lenyewe. Ni mimi niliyekuambia msinunue dawa ya ukungu msimu huu, mloweke mbegu kwa pakanga, nawe ukawaambia majirani. Sikuwa nimeijaribu shambani hata mara moja. Niliamini kwa sababu ilichapishwa. Msiitegemee, dada. Nunueni dawa, mnyunyizie kama alivyokuwa akifanya baba.

Ya kwangu hapa sijui nitayamalizaje. Pengine nitasema, pengine nitaogopa tena. Lakini kupanda kumekaribia, na shamba lako haliwezi kungoja mpaka nipate ujasiri.

Wabusu watoto. Mpe Kinzang chai ya siagi, ametoka mbali. Na majirani wakiuliza ni nani aliyewapotosha, nitaje mimi. Usiibebe lawama hiyo wewe.

Mdogo wako,
Tshewang