Nilikata Waya wa Ethi, Shemeji Anatibiwa Kifafa

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Alhamisi haijafika. Mimi ni fundi wa vyombo vya muziki, watu huniita Daktari wa Spika, na bendi ya shemeji yangu, mume wa dada, ilinilalamikia wiki nzima kwamba spika zinavuma kama friji kuukuu, nami chanzo nilikijua, amplifaya ya gitaa imechomekwa ukuta huu, mikisa ya kuchanganyia sauti ukuta ule, kila moja na ethi yake, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, na waya wa sauti unaziunganisha, ila kwa uvivu nikafungua plagi ya amplifaya nikakata waya wa ethi, mvumo ukakoma hapo hapo, wakanipigia makofi nikatembea kifua mbele. Jumapili hawakuuchomeka ule waya wa sauti, shemeji akashika nyuzi, akasogeza mdomo kwenye maiki iliyounganishwa na mikisa, akakakamaa, akaanguka na gitaa lake, mtu akapiga kelele, “Kifafa hicho, mlegezeeni shati!” na wa kwanza kumlegeza shati nikawa mimi, kisha walipombeba nikaichomoa amplifaya nikaificha. Sasa vidole viwili havina hisia, mdomo umeungua wanasema alijiuma, anameza dawa zinazomlaza mchana kutwa, kazini wamemwondoa kwenye udereva wa lori, na dada ananiambia, “Kaka, Alhamisi twende wote kliniki, wewe ulikuwa karibu, umweleze daktari alivyoanguka.” Nikisema nitampoteza dada, nisiposema je? Tena kumbi tatu nyingine nimezitibu vivyo hivyo.

Fundi mwenye hofu

*

Fundi, pole yangu nampa shemeji yako. Wewe nakupa kazi.

Nimeuliza mafundi wawili wa umeme kabla ya kukujibu, na wote walishika kichwa. Ethi haikuwekwa kwa ajili ya sauti. Umeme ukivuja ndani ya chombo, ethi ndiyo inayoupeleka ardhini na kukata fyuzi. Ulipoikata, njia ya kufika ardhini ikabaki ule waya mwembamba wa sauti, kupitia ethi ya mikisa. Nao ulipokosekana, umeme ukapita kwenye nyuzi, mkono, mdomo, maiki. Ulimfanya mume wa dada yako kuwa waya.

Hofu yako naielewa. Lakini mtu anatibiwa ugonjwa asio nao, na mwenye kujua ni wewe peke yako. Alhamisi ni mbali. Leo mwambie dada, uso kwa uso, bila “lakini”, halafu mwende wote kwa daktari umwambie mtu huyu alipigwa na umeme, apimwe moyo na mishipa ya mkono. Dawa asiache kwa neno lako, daktari ataamua.

Kabla hujatoka, pigia simu zile kumbi tatu. Wazime, wachomoe, wasiguse kitu. Kesho urudishe ethi zote mbele ya fundi umeme mwenye kipimo. Ile amplifaya uliyoificha itoe, iandikwe MBOVU, isichomekwe mpaka uvujaji upatikane.

Na mvumo? Chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja yenye ethi nzima. Mvumo ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti, si wa umeme. Ukibaki tena, uache uvume. Sijawahi kusikia mtu aliyezikwa kwa sababu ya mvumo.

Shemeji akikuchapa kofi, simama ulipokee. Kisha muulize kama vidole vimehisi kitu, ukamwambie daktari.