Hendeli Ninayo Mimi

Clive,

Chai iko kwenye birika, kama halijaanguka tena. Usiwashe jiko la makaa, boti bado imelala ubavu kwenye matope. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Jana jioni tulipovuka na boti lango la chini la mfereji, nilikuambia ufunge tundu lake la maji, mfereji usije ukakauka usiku. Ukanijibu, "Nimeshafunga, bibie, punguza kelele." Leo tumeamka mfereji mkavu, boti sita zimekwama, na mzee Arkwright wa boti ya jirani anatugongea dirisha. Ukatoa kichwa ukamwambia, "Ni huyu mke wangu, msahaulifu sana." Mimi nipo nyuma yako, nimeshika kikombe chako! Huna hata haya.

Nimekwenda lango la juu kuwafungulia majirani maji, na kila mmoja nitamweleza ni nani aliyesahau. ~~Nitarudi mchana.~~ Kutoka huko napanda basi kwa dada yangu. Boti ikielea, nenda zako. Mbele kuna malango kumi na saba, na hendeli ya kuyafungulia ninayo mimi.

Wakikuuliza iko wapi, waambie mkeo ameisahau mkobani.

Mkeo