Miti Iliyong'olewa Kimbo

Kimbo, Ruiru

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumai goti limetulia na mvua haijaozesha maharagwe yako huko Kalimoni. Mimi ni mzima wa mwili. Ningekupigia simu, lakini nikisikia sauti yako nitakata kabla sijayasema haya.

Umesikia ndugu yangu Mulei amekamatwa kwa sababu mjengo aliosimamia ulianguka. Aliponiita nimpangie ratiba ya kazi, nilimwonya kwamba slabu ya juu, ile dari ya zege, ingemwagwa wakati wa mvua. Nikamwomba tuache wiki chache wazi, kazi ikichelewa tuwe na pa kupumulia. Alikubali. Lakini mawe yalikawia kufika, wiki zile zikaisha hata kabla ya mvua. Nilimsihi amwombe mwenye nyumba asogeze siku ya wapangaji kuingia. Alisema atafukuzwa, aletwe kontrakta mwingine. Ndugu yangu alikuwa na hofu, Mwaitu, hata kula alikuwa hali.

Mvua ikashika. Mulei akaamuru miti iliyobeba slabu ing'olewe, ili vyumba vya chini vipigwe plasta. Muriithi, seremala aliyeisimamisha, alikataa, akafukuzwa. Nikamwambia Mulei saruji bado mbichi na watu wanapita chini yake. Akanijibu, "Wayua, wewe panga karatasi. Nyumba niachie mimi." Vibarua wakaing'oa miti.

Tausi, mama aliyetuuzia chai, aliingia humo kujikinga mvua. Slabu ikamshukia. Tulipomfikia alikuwa amekata roho. Mulei alichimba kwa mikono akilia, kucha zikatoka damu.

Kesho yake aliwaambia polisi kwamba Muriithi aling'oa miti kwa hasira ya kufutwa. Muriithi akafungiwa. Mulei akaniomba niseme hivyo hivyo, nisikuvunje moyo wewe.

Najua watu wa kwetu wanauliza nani alimchoma Mulei kwa polisi. Ni mimi, Mwaitu. Nilimwambia kwanza yeye mwenyewe, kisha nikaenda polisi nikaeleza yote. Muriithi ameachiliwa. Nitayarudia mahakamani Thika, Mulei akiwa ananitazama.

Mpelekee chakula huko rumande, wala usimlaumu kwa niaba yangu. Bado ni ndugu yangu.

Nisalimie Kavata na majirani wengine wote watakaopenda kusalimiwa nami. Jumapili sitakuja nyumbani kama kawaida. Nitangoja uniite.

Mimi binti yako,
Wayua